Wasomaji Wanauliza: Bata ya East Tilbury

SWALI: Mhariri, mpwa wangu anayesoma Uingereza amenitumia picha ya sanamu ya Tomáš Baťa iliyopo East Tilbury, Essex, na kunieleza kwamba kiwanda cha viatu cha hapo kilikwisha kufungwa. Sisi tuliosoma Dar es Salaam tukivaa raba za Bata tuliamini kampuni hiyo ni ya Waingereza. Je, ni hiyo hiyo, na kwa nini kiwanda kilifungwa?
Msomaji, Tandika, Dar es Salaam

JIBU: Ndugu msomaji, kampuni ni hiyo hiyo, ila asili yake si Uingereza. Ilianzishwa mwaka 1894 na Tomáš, kaka yake Antonín na dada yao Anna, katika mji wa Zlín, ambao leo uko katika Jamhuri ya Cheki. Walitoka katika ukoo wa washona viatu. Alichoongeza Tomáš ni mashine, bei nafuu na, jambo tunaloliona kuwa kubwa kuliko yote, desturi ya kujenga mji mzima kuzunguka kiwanda.

Mwaka 1932 Uingereza iliweka ushuru kwa bidhaa nyingi kutoka nje, na kampuni iliyotaka kuuza viatu vya bei nafuu huko ilikuwa na kila sababu ya kuvitengeneza huko huko. Ujenzi ulianza mwaka huo katika mashamba ya East Tilbury, kando ya mto Thames, karibu na bandari na reli iendayo London. Tomáš hakukiona kiwanda hicho kikifanya kazi, kwani alifariki katika ajali ya ndege Julai 1932, na uzalishaji ulianza mwaka uliofuata.

Majengo yalifuata michoro ya wasanifu wa Zlín, akiwamo Vladimír Karfík: fremu za chuma, madirisha mapana, mapaa bapa, na nyumba za wafanyakazi nazo zilijengwa kwa mtindo huo huo, katika nchi iliyozoea mapaa ya mgongo yenye vigae. Palikuwa na sinema, hoteli, bwawa la kuogelea, maduka, shamba na gazeti la kampuni, kiasi kwamba mfanyakazi aliweza kumaliza wiki nzima bila kukanyaga nje ya ardhi ya mwajiri wake. Raha hiyo ilikuwa na masharti, maana nyumba ilifungamana na kazi. Wasikilizaji wa zamani wa redio watapenda kujua kwamba John Tusa, aliyeongoza Idhaa za Dunia za BBC kuanzia mwaka 1986 hadi 1992, alikulia Uingereza kwa sababu baba yake alihamishwa kutoka Zlín mwaka 1939 kwenda kusimamia kiwanda hicho.

Kilipokuwa katika kilele chake, kiwanda kiliajiri watu wapatao 3,000. Kilichokidhoofisha, kwa maoni yetu, ni kanuni ile ile iliyokizaa, yaani kutengeneza kiatu karibu na mvaaji. Kampuni ilizidi kufungua viwanda katika nchi nyingine, kikiwamo cha Limuru nchini Kenya, na masoko yaliyokuwa yakipokea shehena kutoka Uingereza yakaanza kujitosheleza. Kisha viatu vya bei ya chini kutoka Asia vikavamia hata maduka ya Uingereza kwenyewe. Kazi ilipunguzwa kidogo kidogo tangu miaka ya 1960 hadi uzalishaji ulipokoma mwaka 2005. Eneo hilo lilikuwa limekwisha kutangazwa kuwa la hifadhi mwaka 1993, ndiyo maana mpwa wako bado ameweza kupiga picha ya kilichobaki hapo.

Hapa kwetu Bata ilipatwa na mambo mengine kabisa: Februari 1967, siku chache baada ya Azimio la Arusha, kampuni hiyo ilikuwa miongoni mwa zile ambazo serikali ilitangaza kuchukua hisa za kuzimiliki.