Mtafuteni asiyekuja

Kijana mmoja wa Morogoro ameniandikia juzi kuhusu kikundi cha wazee alichokianzisha kwenye kata yao. Siku ya uzinduzi watu walikosa pa kukaa. Mwenyekiti wa mtaa alihutubia, soda zikagawiwa, picha zikapigwa. Sasa wanaofika hawazidi kumi, na kati yao wamo mama yake na shangazi yake. Ananiuliza akichangamshe vipi kikundi hicho, na anafikiria kumtafuta mfadhili awanunulie televisheni kubwa na spika.

Mwanangu, televisheni waachie wenye vibanda vya mpira. Nakujibu hapa hadharani kwa kuwa najua wengi mnaonisoma mna jambo kama hili mkononi, ama mmelianza likawavunja moyo, ama mnalitamani kwa ajili ya wazazi wenu. Baraza letu la Ngamiani, hapa Tanga, limepita kwenye misukosuko na bado lipo. Nasema bila kuona haya kwamba ni baraza zuri. Jumanne na Alhamisi, baada ya swala ya alasiri, ukipita barabara yetu utakuta viti vimejaa na wengine wameketi mkekani, wanaume kwa wanawake, na mabishano yao yanasikika hadi barabara ya pili.

Kinachotuweka pamoja ni daftari, na daftari lenyewe lina kisa chake.

Nilipostaafu uuguzi niliendelea kupita nyumba hadi nyumba kupima presha za watu wazima wa mtaani. Hadi leo wananiita nesi. Kulikuwa na mzee mmoja, fundi mstaafu wa reli, amepanga chumba cha uani. Mkewe alishatangulia mbele ya haki, watoto wako Dar na Arusha. Kila jioni alikuwa kijiweni anacheza bao. Siku moja hakuonekana. Wenzake wakasema amekwenda Korogwe kwa bintiye. Siku ya pili wakasema hivyo hivyo. Aliyemgundua ni mtoto anayepitisha vitumbua asubuhi, alisikia mtu anagonga ukuta kwa kikombe. Mzee alikuwa sakafuni, nyonga imevunjika, midomo imekauka, toka juzi yake usiku.

Alipona, akawa anatembelea mkongojo. Aliporudi kijiweni, kabla hata hajaketi, aliwaambia wenzake: "Mlinikosa siku mbili na bao likaendelea."

Hakuna aliyemjibu. Kesho yake alikuja na daftari la shule lenye mistari, akaandika majina ya wote, na yeye mwenyewe akalishika hadi alipofariki.

Namna tunavyolitumia ni hii. Kila mzee ana wenzake wawili wanaokaa karibu naye, wameandikwa mkabala na jina lake. Kahawa ikizunguka mara ya pili, mshika daftari anasoma majina. Asiyekuwepo na hakuaga, mmoja wa wale wawili anampigia simu. Simu isipopokelewa, mtu anakwenda mlangoni kwake kabla ya magharibi, na Alhamisi anatoa taarifa mbele ya wote. Anayekwenda ni mzee mwenzake. Msimtume kijana, wala asiende kiongozi wa kikundi, kwa sababu mzee akiulizwa na kijana atasema "niko salama tu" hata kama ana njaa. Akiulizwa na mtu aliyecheza naye chandimu, atasema kweli.

Na ukweli huo ndio utakaokufundisha kuliendesha baraza kuliko semina yoyote. Hebu nikutajie tuliyoyakuta milangoni. Mmoja ndala zilikatika na alionea aibu kuja pekupeku. Mmoja hakuwa na mia mbili ya kahawa. Bibi mmoja aliachiwa wajukuu wadogo watatu na hakuna wa kumshikia. Wawili walikuwa wamegombana wenyewe kwa wenyewe juu ya mpaka wa kiwanja cha zamani, kila mmoja anamkwepa mwenziwe. Na waliokuwa wengi kuliko wote walikuwa na sababu ambayo mtu mzima haisemi mbele za watu: choo.

Niwe wazi, maana hii ni kazi yangu niliyoisomea. Mwanamume akizeeka tezi dume hutanuka, anakwenda haja ndogo mara kwa mara na hawezi kubana. Mwanamke aliyezaa watoto wengi anaweza kuvujwa na mkojo akikohoa au akicheka. Watu hawa hawataketi saa mbili mahali ambapo choo kiko mbali au kimefungwa kufuli. Watasema baraza limewachosha. Sisi tulihama kutoka kivuli kizuri cha mwembe tukaenda kwenye kibaraza cha nyumba moja yenye joto zaidi, kwa sababu mwenye nyumba alikubali mlango wa uani uwe wazi na ndoo ya maji ikae pale. Mwezi ule ule tuliwaona tena watu tuliodhani wametususa. Ukiniuliza cha kununua kwanza ukipata fedha, nakujibu: kufuli la choo livunjwe, ndoo inunuliwe, kishikio kiwekwe ukutani cha mtu kujishikia anapoinuka.

Masikio nayo. Usikivu wa uzeeni huanza kupotea kwenye sauti nyembamba, ndiyo maana babu anamsikia mwanamume mwenziwe lakini maneno ya mjukuu wa kike yanampita. Ukimpigia kelele unamdhalilisha tu na bado hasikii vizuri zaidi. Kaa mbele yake, uso wako uwe kwenye mwanga, sema taratibu, na watu wasizungumze wawili kwa pamoja. Tuna mzee aliyekuwa fundi mitambo kwenye kiwanda cha mbolea hapa Tanga, kile kilichofunguliwa mwaka 1972 na kufungwa 1991. Alikuwa anaitikia kila kitu kwa kichwa, halafu akaacha kuja. Aliyekwenda kwake alirudi na jibu kwamba amechoka kubahatisha watu wanasema nini. Siku hizi anakaa ncha ya baraza, ukuta uko nyuma yake, wote anawaona midomo. Ndiye mzungumzaji mkubwa kupita wote.

Macho hali kadhalika. Bao lina mashimo 32 na kete 64, na kete za komwe zina rangi ya kijivu. Mzee mwenye mtoto wa jicho hazioni vizuri jioni, anahesabu kwa vidole, vijana wanamcheka kwamba amesahau mchezo. Hajasahau. Lisogezeni bao kwenye mwanga, na mpelekeni akapimwe, kwa sababu mtoto wa jicho huondolewa kwa upasuaji na mtu akaona tena.

Nije kwa wanawake, maana vikundi vingi nilivyoviona ni vya wanaume vyenye mabibi wawili watatu pembeni. Kijiwe cha bao na kahawa tangu zamani ni cha wanaume, na ukiwaalika mabibi waje kutazama bao hawaji, na wana haki. Kwetu walikuja kwa ukili. Bibi mmoja alileta kazi yake ya kusuka akaketi mkekani, wiki iliyofuata wakawa watatu, halafu likaibuka suala la taarabu. Tanga ilikuwa na vikundi vya Black Star na Lucky Star, na hawa mabibi ndio waliokuwa wasichana wa enzi hizo. Wanaume wakajitia kujua nani aliimba wapi. Wakasahihishwa vibaya sana. Tangu hapo hakuna aliyeuliza tena kama wanawake wana nafasi.

Hapo ndipo unapoona mzee anataka nini. Anataka mahali ambapo anachokijua kina kazi. Kwetu wapo waliokuwa manamba kwenye mashamba ya mkonge, wapo wa bandari, wapo waliopoteza ajira Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika mwaka 1977 na kuhangaikia mafao yao miaka na miaka. Wapo wanaoweza kukusimulia mechi kwa mechi Coastal Union ilivyochukua ubingwa mwaka 1988. Ukiwaletea mtu wa kuwafundisha "umuhimu wa kuishi kwa matumaini", watasinzia. Walete wanafunzi wa sekondari waulize jinsi mkonge ulivyokatwa na kufungwa mzigo, uone migongo inavyonyooka. Kule Harare, Dk. Dixon Chibanda alianza mwaka 2006 na mabibi 14 wa mtaani, akawafunza kuwasikiliza watu wenye msongo wa mawazo wakiwa wameketi nao kwenye benchi. Jambo lile likafanyiwa utafiti, na matokeo yaliyochapishwa mwaka 2016 yakaonyesha kwamba linasaidia. Mabibi wale walikuwa ndio waganga wa benchi. Sisi huku tunawaita wazee wetu "kundi maalumu", tunawakalisha mbele na kuwapa maji ya chupa.

Sasa niseme na linaloniuma, kwa sababu huyu kijana anataka mfadhili.

Palikuja shirika moja, silitaji. Walikuja kwa heshima, wakasifu daftari letu, wakasema wanataka kutuwezesha. Wakaleta fulana, wakaleta mafunzo, na kila anayehudhuria anasaini na kupewa posho ya shilingi elfu tano. Mimi nilipinga posho mbele ya mkutano. Nilisema leteni viti, leteni mashine ya kupimia presha, posho acheni. Nikashindwa kwa kura, na siwalaumu wazee, elfu tano ni unga na mafuta. Waliojiandikisha wakaongezeka mara tatu. Wakaja watu wa mitaa ya mbali ambao hakuna aliyejua wanakaa nyumba gani. Daftari letu likageuka orodha ya malipo. Hakuna aliyekwenda tena mlangoni kwa mtu, maana asiyekuja alipoteza posho yake, basi ikawa ni shauri lake.

Mradi ukaisha. Wakaondoka na picha zao. Jumanne iliyofuata tulikuwa wachache mno, na mtaani likazuka neno kwamba posho ipo ila nesi ameikalia. Mimi! Watu niliowachoma sindano watoto wao, niliowafunga vidonda usiku bila senti, wakapita mbele ya mlango wangu bila salamu. Mama mmoja ambaye nilimzalisha alisema kisimani kwamba nimejengea nyumba. Nyumba yangu ni ile ile ya urithi, bati lake wanalijua. Nimesamehe, na wengi waliniomba radhi, lakini nikikumbuka bado kifua kinanibana.

Tulianza upya na wale wachache. Daftari jipya, wenza wawili wawili, kahawa ya mchango. Tuliwafuata waliokosekana mlango kwa mlango, hata walionisema, na mlango wa yule mama nilikwenda mwenyewe. Polepole wakarudi.

Kwa hiyo mwanangu, fedha ikija, iingie kwenye vitu ambavyo mtu hawezi kuvisaini na kuondoka navyo: choo, viti vyenye mgongo, taa. Na hesabu isomwe kwa sauti kila mwezi, hata kama ni ya shilingi elfu nne. Ukiona watu wanapungua usikimbilie kubuni kivutio. Chukua orodha, nenda ukaulize. Nimesharudia, na nitarudia: nenda mlangoni, ukaulize.

Na ninyi watoto wa hawa wazee mnaosoma huko mliko, Dar, Muscat, London, msidhani fedha ya simu ya kila mwezi imemaliza kazi. Tumeni, Mungu awabariki. Lakini mzazi wako akianguka chooni usiku, ile fedha haimwinui. Mjue jina la mtu mmoja wa mtaani anayejua sauti ya mlango wa mama yako. Mpigieni huyo. Mwulizeni kama mama alitoka leo, alicheka na nani, amevaa miwani au ameificha kwa sababu imepasuka. Mtoto anayejua salio la mama yake na hajui rafiki wa mama yake ni nani, huyo ana deni.

Viongozi nao wana lao. Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003 ilisema mzee ni mwenye miaka 60 na kuendelea, na kwamba asiye na uwezo atibiwe bure. Mabaraza ya wazee yakaundwa kuanzia ngazi ya mtaa. Ndugu zetu wa Zanzibar wakaenda mbele zaidi, mwaka 2016 wakaanza pensheni jamii kwa kila mwenye miaka 70, shilingi 20,000 kwa mwezi kwa kuanzia, awe aliajiriwa au hakuajiriwa. Huku bara tumebaki na dirisha la wazee hospitalini, na dirisha hilo halimsaidii mtu asiyeweza kufika dirishani. Tunawapeleka wawili wawili kwa bajaji, mmoja anayeona na mmoja anayesikia, kitambulisho kimefungwa kwenye mfuko wa nailoni. Wasioweza hata kupanda bajaji hawamo kwenye hesabu ya mtu yeyote.

Tarehe 1 Oktoba ni Siku ya Wazee Duniani, iliyowekwa na Umoja wa Mataifa mwaka 1990, na kama kawaida tutaalikwa tuje na fulana zetu tukae kwenye turubai. Mwaka huu tumekubaliana kwamba tutakwenda na orodha ya wote wa mitaa yetu ambao hawajatoka ndani tangu Ramadhani, nyumba kwa nyumba, na sababu ya kila mmoja: nyonga, macho, hana wa kumshika mkono, hana nguo. Tutamkabidhi ofisa ustawi wa jamii kabla hotuba hazijaanza, asaini amepokea. Nakala tutabaki nayo, na Novemba tutarudi ofisini kwake kuuliza ametembelea nyumba zipi.