Kabla hujafananisha picha mbili za mikoko, uliza mwezi ulikuwa wa ngapi

Juzi kijana mmoja wa Tanga alinitumia ujumbe. Anamalizia utafiti wake wa chuo. Amepakua picha mbili za setilaiti za pwani ya kwao, moja ya 1995 na nyingine ya 2022, akazifananisha, akaona mikoko imeongezeka na kusogea baharini. "Kaka, naomba uniangalizie kabla sijawasilisha." Nilipoifungua ramani yake moyo ulinipiga. Ule ukijani uliotandaa mbele ya mikoko naujua. Niliwahi kuuchora mimi mwenyewe, nikasimama nao mbele za watu.

Ilikuwa kazi yangu ya kwanza ya kulipwa. Mradi mmoja wa mazingira ulitaka kujua mikoko ya Bagamoyo, kuanzia mdomo wa Mto Ruvu hadi huku Mlingotini, imebadilika vipi kwa miaka ishirini na ushee. Nimekulia Bagamoyo. Nilijiona ndiye hasa mtu wa kupewa kazi ile. Picha za Landsat, setilaiti za Marekani, ni bure tangu 2008, na kumbukumbu zake zinarudi nyuma hadi 1972, kwa hiyo sikuhitaji fedha ya mtu. Habari za kupakua na kupanga rangi kwenye programu sitazieleza, nyote mnaosoma hapa mnazijua au mko mbioni kuzijua.

Nilichukua picha mbili safi zisizo na wingu. Hicho ndicho kigezo pekee nilichotumia: wingu. Kompyuta ikanionyesha ukanda mpya wa kijani upande wa baharini. Nikaandika kwamba mikoko inapona. Wakubwa wa mradi walifurahi mno, wakaniomba nikaieleze ramani kijijini.

Siku ya mkutano nilibandika ramani ukutani. Bi mkubwa mmoja, kanga yake imelowa pindoni kwa maji ya chumvi, alisogea akaweka kidole juu ya ule ukijani wangu.

"Mwanangu, hapa ni mbele ya ule mkoko mkubwa, mlilana uliolala?"

"Ndiyo, bibi."

"Hapa hapana mikoko. Hapa mimi naokota kombe wakati wa bamvua, maji yakikupwa sana. Hizi ni nyasi za baharini. Picha yako hii ilipigwa mwezi wa ngapi?"

Nikamtajia mwezi wa Kizungu. Akatikisa kichwa. "Mwezi wa juu nakuuliza."

Sikuwa na jibu. Mtoto wa pwani mzima, niliyelelewa na watu wanaojua kwa kutazama mwezi tu kama kesho ngalawa itakaa mchangani au itaelea, sikuwa nimejiuliza hata mara moja maji yalikuwa wapi siku ile setilaiti ilipopita.

Nilirudi nyumbani nikahesabu tarehe. Picha ya zamani ilipigwa mwezi ukiwa wa siku tisa, maji mafu, yasiyojaa wala kupwa sana. Ile mpya, mwezi wa siku kumi na sita, bamvua lenyewe. Sasa angalia. Landsat inapita kwetu asubuhi, kwenye saa nne hivi. Na pwani yetu hii, siku za bamvua maji hujaa kwenye saa kumi, alfajiri na jioni, maana yake saa nne asubuhi yamekupwa kabisa, tope na nyasi za baharini ziko wazi juani. Siku za maji mafu mambo hugeuka: saa nne hiyohiyo maji yako juu, nyasi zote zimefunikwa. Kompyuta haijui nyasi wala mlilana, inaona kijani tu. Mimi nilikuwa nimepima kupwa na kujaa kwa maji, nikaita miaka ishirini ya misitu.

Kilichoniuma zaidi ni kwamba ukanda ule wa uongo ulifunika hasara ya kweli. Nyuma ya mikoko, upande wa nchi kavu, palikuwa na pembe nne zilizonyooka, nyeupe nyingine na nyeusi nyingine. Mashamba ya chumvi: likikauka linang'aa, likijazwa maji linakuwa jeusi. Baadhi yamekaa mahali ambapo picha ya zamani ilionyesha michu, aina nyingine ya mikoko. Nilipojumlisha, ongezeko la mbele lilimeza upungufu wa nyuma, na jumla ikatoka nzuri.

Niliandika barua kwa mkuu wa mradi nikaeleza kosa langu lote. Akajibu kwamba ripoti imeshachapishwa, tuiache. Hadi leo ipo hivyohivyo, na jina langu liko ndani. Nikiikumbuka usiku, sipati usingizi.

Tangu hapo nafanya hivi. Kila picha, kabla sijaifungua, naandika pembeni mwezi ulikuwa wa ngapi, kisha naangalia jedwali la maji. Nafananisha bamvua kwa bamvua. Kumbuka setilaiti moja hurudi kila siku 16, na bamvua hurudi baada ya siku 15 kasoro kidogo, kwa hiyo kila picha inasogea mbele siku moja na ushee. Ukiangukia maji mafu utasubiri kama miezi mitatu kufika bamvua. Subiri. Au tafuta kwenye Sentinel-2, setilaiti za Ulaya, ambazo tangu 2015 zinatoa picha ambazo kila nukta ni mita 10 badala ya mita 30 za Landsat. Za Landsat 7 baada ya Mei 2003 zina michirizi mitupu, usije ukaihesabu kama mikoko iliyokatwa. Chagua kiangazi, majani ya nchi kavu yakiwa yamekauka, mikoko ibaki kijani peke yake. Lakini kwanza maji. Mwezi wa ngapi, maji yalikuwa wapi.

Na mwende ufukweni, ndugu zangu. Naona vijana wanachora ramani za mikoko ya Pangani wakiwa wamekaa Dodoma, hawajawahi kuzama tope hata la vifundoni. Anayeokota kombe pale miaka arobaini ana kumbukumbu ndefu kuliko Landsat 8, iliyoanza kazi 2013. Mheshimuni. Muulizeni kabla ya kuchora, msisubiri awasahihishe ukutani kama nilivyosahihishwa mimi.

Yule kijana nimemwomba tarehe zake, nikazihesabu. Ya kwanza mwezi nane, ya pili mwezi kumi na saba. Nilimpigia simu, akanyamaza muda mrefu. Kisha akasema mama yake mdogo huokota chaza upande uleule, na bamvua ni wiki ijayo, atamwomba waende pamoja saa nne, na simu yake ataipakia ile ramani.