Mota ya njia tatu: maswali ya wenye mashine za kusaga

Mota yangu haina brashi, wala hakuna waya unaoingia kwenye chuma cha katikati. Sasa kinachokizungusha ni nini? (Kahama)

Ni sumaku. Kwenye steta, yaani sehemu isiyozunguka, kuna makundi matatu ya koili, kila kundi na fezi yake, yaani njia yake ya umeme kati ya zile tatu. Fezi hazifiki kileleni pamoja, zinapokezana, kwa hiyo nguvu ya sumaku inazunguka ndani ya mota ingawa koili zimetulia. Kwa umeme wetu wa hezi 50 na mota ya nguzo nne za sumaku, inazunguka mara 1,500 kwa dakika. Ikipita juu ya vipande vya alumini vilivyomo kwenye rota, yaani hicho chuma cha katikati, inazalisha umeme humo humo, rota nayo inakuwa sumaku na kuvutwa.

Rota haiifikii kasi hiyo kamwe. Ingeifikia, umeme ndani yake ungekufa na mvuto ungekwisha. Ndiyo maana kibati cha maelezo kilichobandikwa kwenye mota kinasema 1,440 au 1,450. Mikhail Dolivo-Dobrovolsky aliunda mota ya aina hii Ujerumani mwaka 1889, na ukifungua ya kwako leo utakuta mpangilio ule ule. Naiheshimu sana kazi hiyo.

Nikiwasha mota ya hp 20, taa za majirani zinafifia. Nimeshauriwa kufunga stata (kifaa cha kuwashia mota) ya sta-delta. Itasaidia? (Songea)

Itasaidia, ila soma kibati kwanza.

Rota ikiwa imesimama, sumaku inaipitia kwa kasi yote, kwa hiyo mota inavuta umeme mara sita hadi nane ya kawaida. Hiyo yako inakula kama ampea 28 ikibeba mzigo kamili. Wakati wa kuwaka inaweza kupita 170 kwa sekunde chache. Sta na delta ni namna mbili za kuunganisha koili. Stata hiyo inaanza na sta, inayozipa koili volti 230 badala ya 400, na umeme unaovutwa kwenye laini unashuka hadi theluthi. Taima ikimaliza muda wake, kontakta (swichi inayovutwa na sumaku) ya sta inaachia, ya delta inashika, na koili zinapata volti 400.

Nguvu ya kuzungusha nayo inashuka hadi theluthi. Usiwashe mahindi yakiwa ndani ya mashine. Taima nayo isiwe fupi mno: mota ikihamia delta kabla haijashika kasi, inavuta karibu sawa na ambayo ingewashwa moja kwa moja, na fedha yako ya stata imepotea.

Kibati kikiandika 400/690, funga. Kikiandika 230/400, usifunge: delta ya mota hiyo ni ya volti 230, na ukiipa 400 itaungua. Pia hakikisha kontakta za sta na delta zimefungiana kiasi kwamba moja ikishika nyingine haiwezi kushika. Zikishika pamoja ni shoti ya fezi zote tatu.

Baada ya waya za nguzoni kubadilishwa, mashine inazunguka kinyume. (Mbarali)

Zima umeme, badilishana waya mbili zozote kati ya tatu zinazoingia kwenye stata. Kama ni sta-delta, zile sita zinazokwenda kwenye mota usiziguse.

Mota imeungua mara ya pili. Fundi anasema ovalodi (kifaa kinachozima mota ikivuta umeme kupita kiasi) inakatakata ovyo, bora tuiruke. (Nakuru)

Nakusihi, usikubali. Mota nyingi zinazosukwa upya ziliuawa namna hiyo.

Fezi moja ikipotea, mota iliyokwisha kuwaka haisimami. Inaendelea kwa mbili zilizobaki, inavuma, na kila moja inabeba takriban mara 1.7 ya ilichokuwa ikibeba. Fyuzi haitakuokoa, kwa sababu imechaguliwa ivumilie umeme wa kuwasha. Anayeliona tatizo ni ovalodi. Mwombe fundi akuonyeshe koili zilizoungua: kwenye mota ya delta, kundi moja jeusi na mawili mazima ni dalili ya fezi iliyopotea. Kwenye sta, mawili yanaungua na moja linabaki safi.

Sasa pimeni ampea za fezi zote tatu mashine ikisaga. Zikipishana sana, tafuteni kontakta iliyochakaa au skrubu iliyolegea. Zikiwa sawa lakini juu, angalieni beringi, mkanda uliokazwa mno, chekecheke iliyoziba, au volti iliyoshuka, maana volti ikishuka kwa mzigo ule ule ampea zinapanda. Ovalodi yenyewe iwekwe kwenye ampea za kibati. Katika sta-delta, ikiwa imekaa baada ya kontakta kuu, kwenye njia ya koili, zidisha kwa 0.58: kibati kikisema 28, inakuwa 16. Wengi wanaiacha kwenye 28, na hapo hailindi kitu.

Umeme ukikatika ukarudi, kwa nini mota haiwaki yenyewe? (Mtwara)

Kitufe cha kuwashia kinaamsha kontakta, kisha kontakta inajishikilia kwa umeme unaopita kwenye mguso wake mdogo wa pembeni. Umeme ukikatika, inaachia na kungoja ubonyeze tena. Wakati huo kuna mtu huenda ameingiza mkono kwenye mashine kutoa unga uliokwama. Kama fundi wako aliweka swichi ya kawaida mahali pa kitufe, mwite airudishe ilivyokuwa.