Mkate wa Ndizi Unaoungua Juu na Kubaki Mbichi Katikati

SWALI: Mwalimu, shikamoo. Ninaishi Dar es Salaam, na miezi michache iliyopita nilinunua eafraya (kikaangio cha hewa ya moto) ya lita 5 yenye wati 1500, nikaachana na oveni ya gesi. Nimekwisha kuoka mkate wa ndizi mara tatu kwa vipimo vyangu vya zamani: vikombe 2 vya unga wa ngano, kikombe 1 cha sukari, mayai 2, nusu kikombe cha mafuta, kijiko 1 cha chai cha bekingi soda, na ndizi kisukari 6 zilizopondwa. Ninaoka kwa nyuzi 180 kwa dakika 50, kama nilivyokuwa nikifanya katika oveni. Mara zote juu unaungua kabla ya nusu saa, na nikiukata katikati ninakuta uji. Mara ya tatu niliongeza nusu kikombe cha unga, ukatoka mgumu kama tofali na katikati bado mbichi. Bati langu ni la mkate mrefu, sentimita 19 kwa 10, na huingia kikapuni kwa kubanana. Kosa liko wapi? Je, ninaweza kutumia mzuzu zilizoiva badala ya kisukari? Na umeme ukikatika mkate ukiwa ndani, nifanyeje?

JIBU: Marahaba. Vipimo vyako havina ubaya mkubwa, na sishangai kwamba vilikuwa vikikutendea haki katika oveni ya gesi. Kilichobadilika ni upande unakotoka moto. Yeyote aliyewahi kuoka keki kwa sufuria na mkaa anajua kinachotokea akipalia makaa mengi juu ya kifuniko huku jiko la chini limepoa: uso hupata rangi upesi, harufu hujaa nyumba nzima, lakini kisu kinapoingia ndani kinatoka na rojo. Eafraya, ingawa huuzwa kwa jina la kikaangio, kwa kweli ni oveni ndogo ambayo kwa kawaida ina koili moja tu, yaani waya unaotoa moto, darini, na feni iliyo juu ya koili hiyo husukuma hewa ya moto kwa kasi kuzunguka kikapu. Chini hakuna moto wa moja kwa moja. Kitako cha chombo chako hupashwa na hewa inayoteremka pembeni na kupita chini yake, na hewa hiyo isipopata njia, kitako hakipati kitu.

Sasa litazame bati lako kwa macho hayo. Limebanana na kuta za kikapu, kwa hiyo hewa imezuiwa kushuka, ikabaki ikizunguka juu ya mkate. Bati refu lililojaa huuinua uso wa rojo karibu na koili, na mkate unapoumuka husogea karibu zaidi. Tena hewa inayokwenda kasi hupeperusha ule unyevu mwembamba unaoufunika mkate na kuulinda mwanzoni, ndiyo maana nyuzi 180 za eafraya ni kali kuliko nyuzi 180 za oveni isiyo na feni. Rangi ya kahawia huanza kuja kwa kasi uso unapopita takriban nyuzi 140, lakini katikati, palipojaa maji, hapawezi kuvuka nyuzi 100, na mkate wa ndizi huhesabiwa kuwa umeiva katikati yake ikifika nyuzi 93 hadi 96. Kazi yote ya mwokaji ni kuhakikisha katikati pamefika huko kabla uso haujaungua, na kwa joto uliloweka, uso ulishinda mbio hizo mapema mno.

Kuongeza unga hakukusaidia kwa sababu ubichi ulioukuta haukutokana na wingi wa maji. Ulitokana na moto ambao haukufika. Wanga wa ngano unahitaji maji pamoja na joto ndipo uvimbe na kushikamana, na protini za yai zinahitaji joto ndipo zigande. Ukiongeza unga bila kufikisha moto, unapata ganda kavu lililozunguka rojo zito zaidi. Moto husafiri polepole sana ndani ya rojo, na muda wake hauongezeki sambamba na kina: kina kikiongezeka maradufu, muda wa moto kufika katikati hukaribia mara nne. Kwa vipimo vyako, bati hilo hubeba rojo la kina cha sentimita 5 hivi. Tukilishusha hadi sentimita 3, muda huo unapungua kwa zaidi ya nusu, na hapo ndipo tatizo lako linapoanza kutatuliwa, kabla hata hujagusa kitufe cha joto.

Kwa hiyo ninakushauri uliweke bati refu kando na utafute chombo cha duara chenye kuta nyembamba, cha alumini, chenye upana wa sentimita 16 na kina cha sentimita 6 au 7. Kisufuria kidogo kisicho na mikono kinafaa kabisa. Vioo na udongo huchelewa kupata moto, nami sivitumii kwa kazi hii. Bakiza nafasi ya angalau kidole kimoja pande zote kati ya chombo na kikapu, na kama eafraya yako ina kiwambo chenye matundu, kiache mahali pake ili hewa ipite chini ya chombo.

Kwa chombo hicho, pima gramu 150 za unga wa ngano, gramu 200 za ndizi zilizokwisha kumenywa, gramu 70 za sukari, mililita 60 za mafuta ya kula, yai 1 kubwa, vijiko 2 vya chakula vya mtindi, kijiko 1 cha chai cha bekingi pauda, robo kijiko cha chai cha bekingi soda na chumvi kidogo. Utaona kwamba nimekupunguzia sukari na pia bekingi soda, na vyote viwili vina sababu. Ndizi inapoiva, wanga wake, ambao katika ndizi mbichi ni karibu sehemu moja ya tano ya nyama yake, hugeuka karibu wote kuwa sukari. Kisukari iliyotoka madoa meusi tayari ni tamu mno, na sukari nyingi huharakisha kuungua. Bekingi soda nayo ni kali kuliko bekingi pauda mara tatu au nne, na inahitaji uchachu ili ifanye kazi yake yote. Ndizi ina uchachu hafifu tu, na kwa hiyo kijiko kizima kilibaki na ziada, na ziada hiyo huleta ladha ya sabuni na kuupa uso rangi nyeusi haraka zaidi. Mtindi nimeuweka ili uisaidie ile robo.

Naomba pia uache kuhesabu ndizi. Kisukari sita za soko moja zinaweza kuwa nusu ya uzito wa kisukari sita za soko jingine, na mtwike moja kubwa huweza kulingana na kisukari kadhaa. Mizani ndogo ya jikoni itakuokoa kuliko maelezo yangu yote.

Ponda ndizi kwa uma, changanya na yai, mafuta, sukari na mtindi, kisha mimina unga uliochekechwa pamoja na bekingi pauda, soda na chumvi. Koroga kwa mwiko mpaka unga mkavu usionekane, basi. Vibonge vidogo havidhuru. (Tunauita mkate, lakini hauna hamira na haukandwi, ukiukoroga kwa bidii unakuwa wa kuvutika na wenye vishimo virefu ndani.) Chombo kipakwe mafuta, na chini kiwekwe karatasi ya kuokea iliyokatwa kwa kipimo cha kitako. Usiache karatasi ipande juu ya kingo, kwa maana feni huweza kuipeperusha hadi kwenye koili, na hapo tutakuwa tunazungumzia moto wa aina nyingine. Kwa sababu hiyohiyo, usitangulize karatasi tupu ndani ya eafraya unapoipasha.

Pasha eafraya kwa dakika 4 au 5 kwa nyuzi 150. Funika chombo kwa karatasi ya foili, uikunje vizuri chini ya ukingo ili isiinuke, na uiache katikati imeinuka kidogo ili rojo likiumuka lisigande nayo. Wengi hushauri foili iwekwe baadaye, uso unapoanza kuwa mweusi. Mimi siafikiani nao. Wakati huo ganda limekwisha kukauka, mkate hauna tena uwezo wa kuumuka kwa utulivu, na hupasuka upande mmoja na kumwaga rojo. Ukifunika tangu mwanzo, mvuke hubaki juu ya rojo, uso unakuwa laini, na mkate unapata muda wa kupanda kabla ganda halijafunga. Baada ya dakika 25 ondoa foili, oka kwa dakika 15 hadi 20 zaidi kwa nyuzi 150 zilezile, na rangi itakuja yenyewe. Kabla ya dakika hizo 25 usivute droo kuchungulia, kwa kuwa eafraya nyingi huzima koili na feni mara droo inapovutwa, na chumba kidogo namna ile hupoteza joto lake jingi kwa sekunde chache.

Kuhusu kujua kama umeiva, kijiti kinaweza kukudanganya, kwa sababu kikipita katika kibonge cha ndizi kitatoka kimelowa hata kama mkate umeiva. Choma sehemu mbili au tatu za katikati. Kipimajoto cha chakula ni bora zaidi: kikisoma 95, zima. Kisha uache ndani ya chombo kwa dakika 10, nje ya eafraya, ndipo uutoe kwenye wavu upoe. Mkate uliokatwa ukiwa bado unafuka mvuke huonekana mbichi hata usipokuwa mbichi, maana wanga wake haujatulia.

Kuna jambo moja ambalo hukuliuliza lakini huenda linakugusa. Wati 1500 zilizoandikwa kwenye eafraya yako zimehesabiwa kwa umeme wa takriban volti 230. Nguvu ya koili hupungua kwa kipeo cha pili cha volti, kwa hiyo umeme ukishuka hadi volti 200, unabaki na robo tatu tu ya nguvu hiyo, yaani wati 1130 hivi. Kidhibiti joto kitajitahidi kufidia kwa kuiwasha koili muda mrefu zaidi, lakini kupasha kutachelewa. Ukiona taa za nyumbani zimefifia, ongeza dakika za kupasha na usiongeze nyuzi. Na eafraya ichomekwe moja kwa moja ukutani, kwa kuwa huvuta zaidi ya ampea 6 na waya mwembamba wa kuunganishia hupata moto.

Mzuzu unaweza kutumia, kwa sharti kwamba ganda liwe jeusi karibu lote na nyama ibonyee chini ya kidole. Hata hapo itakuwa na wanga mwingi na maji machache kuliko kisukari, kwa hiyo iponde ikiwa na vijiko 2 vya chakula vya maziwa zaidi ya mtindi ulioandikwa, na urudishe sukari hadi gramu 90. Mkate wake huwa mzito kiasi, wenye ladha inayokaribia asali. Binafsi naupenda zaidi ukiwa umelala usiku mmoja ndani ya chombo chenye kifuniko. Mzuzu iliyo njano tu haifai, kwani utakutana na vipande vigumu visivyopondeka.

Umeme ukikatika, usivute droo. Ukirudi ndani ya dakika 10, iwashe tena na uongeze dakika 5 juu ya zile zilizobaki, nawe angalia kama mashine yako imeanza kuhesabu upya, kwa sababu nyingi husahau zilipofikia. Usiporudi, hesabu muda uliopita. Kama ni zaidi ya dakika 35, acha mkate ndani ya eafraya iliyofungwa kwa robo saa, na mara nyingi joto lililomo litaumalizia. Kama ni chini ya hapo, kuta za mkate hazijagandamana, na ukipoa utabonyea katikati na hautainuka tena hata ukiurudisha motoni. Hapo washa jiko la mkaa bila kuchelewa, weka mchanga mkavu wa kina cha vidole viwili ndani ya sufuria kubwa, uipashe, uketishe chombo chako juu ya mchanga kikiwa kimefunikwa foili, kisha funika sufuria na upalie makaa juu ya kifuniko. Acha makaa machache chini, kwa kuwa mchanga umekwisha kupata moto, na mengi zaidi juu, kwa kuwa foili inaukinga uso, na baada ya dakika 15 uanze kuchoma kijiti.