Kabla ya "is" au "are", tafuta kiima kwanza

Kwa miaka mingi nimehariri barua za maombi ya kazi na ripoti zilizoandikwa kwa Kiingereza, na kosa ninalolikuta mara nyingi zaidi si la tahajia. Ni sentensi kama hii: "Each of the students have a laptop." Aliyeiandika anajua vizuri kwamba "each" ni umoja. Kilichomponza ni "students", neno la wingi lililokaa jirani na kitenzi likamvuta.

Dawa yake ni kidole. Funika maneno yote kuanzia "of" hadi mlangoni pa kitenzi, kisha soma yaliyobaki: "Each have." Sikio lenyewe litakataa. Andika "Each of the students has a laptop."

Sisi wenye Kiswahili hatuna sababu ya kuliogopa somo hili, maana upatanisho wa kiima na kitenzi tumeuzoea tangu utotoni. Tunasema "kila mmoja wa wanafunzi ana", hatusemi "wana". Everyone, somebody, anyone, nobody, either na neither hufuata njia hiyohiyo, hata kama wanaotajwa ni umati mzima: "Everyone is here." Usitishwe na "their" ukiikuta katika "Everyone has brought their book". Imewekwa ili kukwepa kutaja jinsia, na kitenzi kinabaki cha umoja. Both, few, many na several ni wingi, basi.

Lakini kuna mahali kidole hakifai. Kwa some, all, most, any na none ni lazima usome kinachofuata "of", kwa sababu ndicho kinachoamua: "Most of the water is gone", ila "Most of the chairs are gone". Wapo wanaoshikilia kwamba "none" ni umoja siku zote. Sikubaliani nao. Waandishi hodari wameitumia kwa wingi kwa karne na karne, na kamusi kubwa za Kiingereza zinairuhusu. Hata hivyo, kwenye mtihani au barua rasmi ningekushauri uandike "None of them is ready", kwa kuwa msahihishaji wako anaweza kuwa mmoja wa hao wanaoshikilia.

Nomino za makundi, kama vile team, family, government na committee, zina mambo yake. Marekani huzipa umoja karibu kila mara. Uingereza huruhusu yote mawili, ndiyo maana watangazaji wa soka wa huko husema "England are playing well". Chagua njia moja uishike hadi mwisho wa andiko. Ninachokipigia mstari mwekundu bila huruma ni mchanganyiko: "The committee has met and were satisfied." "Police" haina uchaguzi. Ni "the police are", kama tunavyosema polisi wamefika.

Na ukiandika ripoti za ofisini, kuwa macho na "number". "A number of customers have complained" inahusu wateja wenyewe, kwa hiyo ni wingi. "The number of complaints has risen" inahusu idadi, nayo ni moja tu, hata malalamiko yakiwa elfu kumi.