Kwa nini k ya "knee" haisomwi?

SWALI: Mwanangu wa darasa la 5 ananiuliza kwa nini knee inaanza kwa k isiyotamkwa, na gh ya night inafanya kazi gani. Nimjibuje?

JIBU: Mwambie zamani herufi hizo zilitamkwa zote. Katika Kiingereza cha kale goti liliitwa cneow, na sauti ya k (iliyoandikwa c) ilisikika wazi, kama Wajerumani wanavyotamka Knie hadi leo. Gh ilikuwa sauti ya kooni, jamaa ya kh yetu ya kheri; Waskoti wengine bado husema nicht. William Caxton, mchapaji wa kwanza wa Uingereza, alipofungua kiwanda cha uchapaji Westminster, London, mwaka 1476, k hiyo ilikuwa ingali hai. Ilififia midomoni katika karne ya 17, lakini vitabu vilikuwa vimeshawazoesha wasomaji tahajia yenye k.

Ila asidhani kila herufi bubu iliwahi kusikika. B ya debt (deni) ilichomekwa tu: neno lilitoka Kifaransa, dette, wasomi wakataka lifanane na debitum ya Kilatini. S ya island (kisiwa) ni kosa kabisa. Neno la asili, iegland, halikuwa nayo. Walilichanganya na isle, lenye asili nyingine.