Mkuu, futa hiyo meza ya Masaki: jibu kwa anayempeleka mchumba kwenye dansi Ijumaa

Mkuu, simama hapo hapo. Hiyo meza uliyoweka Masaki saa 12 jioni, ipigie simu sasa hivi uifute au uisogeze mpaka saa 3 usiku, halafu ndiyo urudi tuongee.

Umeandika kwamba Ijumaa unampeleka mchumba wako na dada yake kutazama dansi ya kisasa pale Alliance Française, Upanga, onesho saa 1:30 usiku. Ukaongeza: "tutakula kwanza taratibu, maana haya mambo hayaanzi kwa wakati, na tukichelewa tutaingia kwenye mapumziko." Nimeisoma hiyo sentensi mara tatu. Ni ile ile niliyoambiwa mimi, na nililipa.

Mke wangu ana mdogo wake, kitindamimba kwao. Huyu binti aliacha chuo cha uhasibu mwaka wa pili akaenda kucheza. Mama mkwe alikaa karibu mwaka mzima bila kumpigia simu. Kidogo kidogo wakaanza kusalimiana, mpaka siku binti akapata kucheza peke yake, onesho zima lake, usiku mmoja tu. Mke wangu akambembeleza mama aje. Mama akapanda basi la alfajiri kutoka Iringa, akafika Dar miguu imevimba, na kwenye begi kitenge kipya alichoshonesha kwa ajili ya usiku ule. Mimi ndiye mkwe, mimi ndiye nilikabidhiwa kupanga jioni yote.

Aliyeniponza ni jamaa mmoja wa kazini. Simtaji, mwenyewe anajijua. Ni wale watu wa mjini, kila mlango anaujua, kila tiketi anaipata. Nikamuuliza, onesho ni saa 1:30, twende saa ngapi? Akacheka. "Kaka, dansi gani inaanza saa moja na nusu? Saa hizo bado wanafunga spika. Mlishe mama mkwe vizuri, ingieni saa mbili na nusu, hata mkikosa mwanzo kuna mapumziko." Nikamwamini! Baadaye sana ndiyo nikaja kujua kwamba hajawahi kukanyaga onesho la namna hii hata siku moja. Alisikia neno "dansi" akawaza bendi, mambo ya Msondo na Sikinde, muziki unaanza watu wakishaingia na unakwenda mpaka usiku mnene. Mtu kama hujui, sema sijui. Neno lenyewe halilipiwi kodi. Yeye amelala kwake usiku huo, mimi nimesimama kwenye korido na mama mkwe.

Tulikaa mezani mjini, Posta, saa 12 na robo. Nikaagiza samaki wa kupaka kwa sababu mama anampenda. Samaki mkubwa huchukua muda, akaja saa 1 na dakika 10, anafuka moshi, mwiba kila mahali. Sasa mkuu, wewe unaweza kumwambia mama mkwe ale haraka? Samaki mwenye miiba? Mke wangu akaniambia mara mbili, "Baba Neema, muda huo." Nikamjibu tulia, kuna mapumziko. Maneno hayo niliyatoa kwa mdomo wangu.

Tukatoka saa 1:25. Ijumaa, mwisho wa mwezi, tunaelekea upande ule ule ambao Dar nzima inarudi nyumbani. Ukumbi ulikuwa mbele kabisa kwenye barabara ya Bagamoyo. Taa za Salender tulizikalia mpaka dereva akazima injini. Saa 2 kasorobo tulikuwa Morocco bado. Na msiniulize kwa nini hatukuchukua bodaboda. Mpandishe mama mkwe bodaboda na kitenge kipya, halafu uje hapa utuambie kama ndoa bado unayo.

Tumefika saa 2 na dakika 5. Onesho lilikuwa limeanza saa 1:32. Dakika mbili tu za kuchelewa, mkuu, siyo saa nzima. Mlango umefungwa, nje amekaa binti na tochi ndogo, kidole mdomoni. Nikamwonesha tiketi zetu. Akaninong'oneza kwa upole kabisa kwamba zimebaki kama dakika 12, ndani ni giza, mchezaji yuko karibu na mlango, hawezi kufungua. Na mapumziko? Akanitazama kama sijamwelewa. Hakuna mapumziko.

Basi tukasimama. Chini ya mlango kulikuwa na mstari wa mwanga, wa buluu, kisha ukawa kama rangi ya moto, kisha ukazimika. Na tukawa tunasikia miguu. Hakukuwa na muziki wakati huo, ni miguu mitupu kwenye sakafu, pa, pa, pa, kimya kirefu, halafu mwili mzima, tufu! Mama akashtuka akashika mkono wa yule binti wa tochi: "Ameanguka?" Binti akamwambia, "Hapana mama, ndivyo inavyochezwa." Mama akabaki ameshika mkoba kwa mikono miwili, sikio lake kwenye ubao wa mlango, mpaka makofi yalipopigwa.

Watu wakatoka wengine wanafuta macho. Shemeji akatoka wa mwisho, jasho linamtiririka, plasta kwenye vidole vya miguu. Akamwona mama yake amesimama pale. "Mama, umeniona?" Mama si mtu wa kudanganya. Akasema, "Nimesikia miguu yako, mwanangu." Shemeji akageuka akanitazama mimi. Hakusema kitu. Jumapili alfajiri mama alirudi Iringa.

Chakula kile kilinitoka shilingi 160,000. Hiyo ningeshaisahau.

Sasa elewa kwa nini ilikuwa hivyo, maana nilikaa na shemeji baadaye akanieleza, alipokubali kuongea na mimi. Sisi tumekulia kwenye ngoma. Sindimba inapigwa uwanjani, mduara uko wazi, unakuja unapokuja, unajipenyeza, hata kucheza unacheza. Hata tamasha la Bagamoyo, vikundi vinapokezana jukwaani, ukikosa kimoja unaingia kabla ya kinachofuata. Harusi ndiyo usiseme, kadi saa 12, maharusi saa 3. Kwa hiyo mwili wako umeshazoea kwamba saa ya kwenye karatasi ni salamu tu. Hii ya kisasa ni kitu kingine. Ni kama sentensi moja ndefu inayosemwa bila kuvuta pumzi. Ukumbi mara nyingi ni mdogo, sakafu ya mchezaji na viti vyenu viko usawa mmoja, na giza lenyewe ni sehemu ya mchezo. Ukifungua mlango katikati, taa ya nje inampiga mchezaji machoni akiwa hewani.

Tena ni fupi. Nyingi nilizoziona mimi tangu siku ile zimekwenda kati ya dakika 40 na 70, moja kwa moja. Shemeji alinipa mfano wa kazi ya mtunzi wa dansi Mjerumani, Pina Bausch, ya mwaka 1975, ile ambayo miaka ya karibuni imechezwa na wachezaji kutoka nchi 14 za Afrika, shule ya dansi ya Germaine Acogny kule Senegal ikiwa imeshiriki kuiandaa. Wanamwaga udongo jukwaani, wachezaji zaidi ya thelathini wanakimbia juu yake mpaka wanachafuka usoni. Kazi kubwa, inazunguka dunia. Ina dakika kama 35 tu! Chelewa dakika 20 uone utabakiwa na nini.

Ndiyo maana nakuambia: chakula baada ya dansi, kamwe siyo kabla. Kesho asubuhi pigia ukumbi uulize mambo mawili, onesho lina dakika ngapi na lina mapumziko au hapana. Saa 11 jioni mpe mchumba wako na dada yake chai na kitu chepesi nyumbani, tumbo lisije likanguruma kwenye kile kimya, maana jirani atalisikia. Saa 1 kamili muwe mmeshafika Upanga. Usinitajie Daraja la Tanzanite kwamba linakufikisha haraka kutoka Masaki. Linakufikisha ukishatoka mezani, na mezani ndiko mnakochelewa.

Na kuna faida ambayo sikuitegemea. Shemeji alipocheza tena, safari hii na wenzake watatu, mimi na mke wangu tulifika mapema tukakaa mstari wa mbele. Kuna mahali mmoja wao alibeba kiti mgongoni akitembea kwa magoti, polepole sana, ukumbi mzima, na nilikuwa karibu kiasi cha kuona mshipa wa shingo unavyopiga. Sikujua maana yake. Tulipotoka tukaenda kula mishkaki na ndizi za kuchoma, na mke wangu akasema kile kiti ni baba yao, marehemu. Mimi nikasema ni deni. Tulibishana mpaka muuza mishkaki akaanza kuzima mkaa. Nina miaka kumi na moja kwenye ndoa, na maongezi kama yale hatukuwa nayo siku nyingi. Ungekula kwanza, mngeongelea nini mezani? Foleni?

Uliuliza pia mavazi, kiti gani kizuri, na kama dada mtu atachoka kwa kuwa hajawahi kutazama. Vaeni mnavyovaa mkienda kwa watu mnaowaheshimu. Mengine sijui nimeyajibu au la, wadau wataongezea. Piga hiyo simu ya Masaki kwanza, na wakikubali saa 3 uje uandike hapa nijue.